Vioo Saba, Vyote Vizima

Jumatatu, 3 Februari

Daftari la kazini lina safu tano: tarehe, saa, alama, kipimo, maoni. Safu ya maoni ina upana wa kidole gumba, na mhandisi anapenda ibaki tupu. Kwa hiyo leo nimejinunulia daftari langu mwenyewe, la kuandikia yale yasiyoenea kwenye kidole gumba. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu na hawezi kuona daftari jipya bila kulikagua. Amehesabu kurasa akanitangazia kwamba nikiandika ukurasa mmoja kwa siku, litaisha kabla ya zahanati. Nimemwambia kuna siku nitaandika mstari mmoja tu, atulie.

Kazi yenyewe ni hii. Chini ya mteremko itajengwa zahanati ya ghorofa tatu. Ili ipate pa kukaa, lazima tuukate mteremko wima, kina cha mita tisa. Juu kabisa, hatua kumi na moja kutoka ukingoni, kuna nyumba ya watu. Ya mtu mmoja, kusema kweli: bibi mjane wa fundi vioo, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Vioo. Mimi ndiye mpima. Udongo ukitaka kutembea, mimi ndiye ninayetakiwa kujua kwanza.

Jumanne, 4 Februari

Nimeshinda kwa Bibi Vioo. Uwanja wake umesakafiwa kwa saruji na unang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Una nyufa nyembamba za uzee, nne uwanjani na tatu kwenye ukuta wa jiko. Juu ya kila ufa nimebandika kipande cha kioo, huku na huku kwa plasta, nikaandika namba na tarehe ya leo. Vioo vyenyewe nilivikata jana kutoka dirisha bovu la stoo, na kazi hiyo imenigharimu ncha ya kidole.

Bibi alisimama mgongoni kwangu muda wote.

"Nani amekata vioo hivi? Panya?"

"Ni mimi, bibi."

"Pole," akasema, na sikujua kama ananipa pole ya kidole au ya ufundi.

Nikamweleza kwamba kioo hakijui kupinda. Ufa ukipanuka hata kwa unene wa unywele, kinapasuka, nasi tunajua ardhi imesogea.

"Na kikipasuka?"

"Kazi inasimama, na wewe unahamishwa kwa muda."

Akaenda ndani, akarudi na chai. Nilipomaliza kikombe cha pili nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba hakuna kitakachopasuka wala hatahama, na nikasema naahidi. Ahadi hiyo haikuwa yangu kuitoa. Lakini chai ilikuwa nzuri, na mwanamke yule alikuwa ananitazama usoni.

Alhamisi, 6 Februari

Mashine ya kuchimbia imefika pamoja na dereva wake, mtu mnene mwenye mikono midogo. Wafanyakazi wanamwita Sonara, kwa sababu anachimba kama anayetengeneza pete. Nimemwona akiinua yai la kuku kwa ndoo ya mashine akaliweka juu ya kofia ya mhandisi. Mhandisi hakucheka. Mhandisi ana miaka thelathini na moja na anatafuna kalamu.

Jumatatu, 10 Februari

Tumeanza kukata. Utaratibu wetu ni kata moja, ruka moja. Mteremko umegawanywa vipande vya mita mbili mbili, vimepewa namba kuanzia kushoto. Sonara anakata cha kwanza, anaruka cha pili, anakata cha tatu. Vile alivyoviruka vinabaki vimeegemea mlima wakati vilivyokatwa vinavishwa: tunatoboa mashimo marefu kuingia ndani, tunasukuma nondo, tunajaza uji wa saruji, tunatandika wavu wa chuma na kurushia zege. Vikikauka, ndipo tunarudia vile tulivyoviruka. Halafu tunashuka ngazi nyingine. Ni kazi ya kumvua mtu nguo huku unamvisha nyingine, asipate baridi.

Naipenda kazi hii. Sijawahi kuandika hivyo mahali popote, basi naandika hapa.

Vioo saba, vyote vizima.

Ijumaa, 14 Februari

Vioo saba, vyote vizima. Bibi amenipa chai tena, na safari hii ameniuliza nina watoto wangapi, kwa nini mmoja tu, na yule mmoja mbona anasoma mbali hivyo. Nimejibu yote matatu nikiwa nimepiga magoti mbele ya kioo namba sita.

Jumatano, 19 Februari

Vyote vizima. Joto.

Jumatatu, 24 Februari

Darubini yangu ya kupimia inasema alama ya tano, ile iliyo juu ya kipande cha tano, imesogea milimita mbili kuelekea shimoni. Milimita mbili si kitu. Udongo ukifunguliwa hujinyoosha kidogo, kama mtu anayeamka. Kikomo chetu ni kumi. Nimeandika, na kwa mara ya kwanza safu ya maoni ina neno: "Tuangalie."

Nimepanda kwa Bibi kuhakikisha. Vizima.

Alhamisi, 27 Februari

Milimita tatu na nusu. Vioo vizima.

Jumatatu, 3 Machi

Milimita tano. Nimepanda kwa Bibi mara mbili kwa siku moja, mpaka akaniuliza kama nimefukuzwa kwangu. Vioo saba, safi, vinametameta, plasta haina hata mkwaruzo.

Nimekaa na mhandisi tukavitazama vipimo. Haiwezekani ukingo usogee milimita tano na ufa ulio hatua chache nyuma yake usijue. Kimojawapo kinatudanganya, darubini au kioo.

"Kioo hakidanganyi," akasema mhandisi. "Kioo hakina betri."

Nikakubaliana naye. Naandika hapa kwamba nilikubaliana naye, tena haraka, kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Darubini imepelekwa kwa fundi wa vipimo, na mimi natumia ya kuazima. Sonara anawaambia watu kwamba mpima amepeleka macho yake gereji.

Ijumaa, 7 Machi

Darubini imerudi. Fundi anasema haina ugonjwa wowote. Mume wangu anasema kama chombo ni kizima na kioo ni kizima, basi mgonjwa ni mpima. Amelala kwenye sofa. Kwa hiari yake, anadai.

Jumatano, 12 Machi

Mvua za kwanza. Nusu saa tu, lakini nzito. Tumefunika kingo kwa maturubai. Milimita sita na nusu. Vioo vizima, vyote saba, vimeoshwa na mvua, vinapendeza.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote, hata kama daftari litaisha.

Asubuhi wingu lilikuwa limekaa juu ya mji kama godoro. Nikapanda kwa Bibi. Alikuwa barazani akichagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitika, nikapiga magoti mbele ya kioo namba nne. Nikakipangusa tope kwa kidole. Nikapitisha kidole ukingoni, mwanzo mpaka mwisho, halafu nikakirudisha nyuma, taratibu.

Hakikunikata.

Vioo vyangu vilikuwa na meno. Nilivikata mwenyewe na bado nina kovu. Hiki ukingo wake ulikuwa laini kama wa bilauri. Nikaenda namba tano. Laini. Namba sita, laini. Tarehe ilikuwa ileile, 4 Februari, kwa mwandiko unaofanana na wangu, ila nadhifu zaidi. Ni namba moja na namba mbili tu zilizokuwa na meno ya panya.

"Bibi, hiki kioo si changu."

Aliendelea kuchagua mchele. "Kioo ni kioo."

"Changu kilinikata kidole. Hiki kimepigwa msasa."

"Sasa ningeacha kingo zile uwanjani kwangu? Wajukuu wakija je?"

Nikakaa chini. Nikamwomba anieleze. Aliweka ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga, akaeleza bila kupepesa macho.

Cha kwanza kilipasuka wiki ya pili. Alidhani ni jogoo wake, akaona aibu: mali ya watu imevunjikia kwake, na yeye ana vioo banda zima alivyoachiwa na marehemu. Akakata kingine, akakibandika, akaandika namba na tarehe ili nisisumbuke. Ulikuwa ustaarabu tu. Cha pili kilipasuka yeye akiwa amekaa palepale akimenya maharagwe, na jogoo yuko nje ya uzio. Kilisema *ta*, chenyewe.

"Hapo ndipo nilipojua," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe si ulisema kikipasuka nahama?"

"Kwa muda tu, bibi."

"Dada yangu walimhamisha kwa wiki mbili. Barabara inapanuliwa, wakasema. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana. Kila akienda kuuliza, wanamwambia bado. Bado, mama. Bado kidogo. Amefia chumba kile pale, akiwa anangojea wiki mbili ziishe." Akanielekeza mlango kwa kidevu. "Na wewe uliniahidi. Nikasema huyu mtoto ameahidi, ngoja nimsaidie atimize."



Nikamuuliza vimepasuka vingapi. Akasema kumi na moja. Kumi na moja, na mimi kwa mwezi mzima nimekuwa nikiandika vizima, vizima, vizima.

"Usiandike leo," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Andika Jumatatu. Udongo umengoja mwezi, utashindwa kungoja siku mbili? Nipange vitu vyangu. Nifikiri."

Nakiri kwamba nililifikiria jambo hilo. Ningependa kusema ni huruma tu, lakini haikuwa huruma tu. Nilimwona kichwani mwangu mhandisi akisoma daftari la kazini, ukurasa baada ya ukurasa, mpima mwenye miaka kumi na minne kazini aliyedanganywa na kioo. Siku mbili zingenipa nafasi ya kutafuta maneno. Nilikaa pale uwanjani nikafikiri jinsi ya kuyapanga. Halafu tone la mvua likanidondokea mkononi, kubwa, la baridi, na nikakumbuka kwamba kipande cha tano na cha saba vya ngazi mpya viko wazi, havijapata hata nondo moja, na kwamba huyu mwanamke chumba chake kiko upande huohuo.

Nikatoa simu nikampigia mhandisi hapohapo, mbele yake. Sikutaka kumpigia nikiwa nimejificha.

Bibi hakupiga kelele. Aliinuka, akauchukua ungo, akaingia ndani.

Mhandisi alikuja mbio, kamba ya kiatu kimoja imefunguka. Aliangalia vioo, akaangalia mbingu, akaangalia shimo. Sikumsikia akinilaumu, na leo nimejua kwamba kijana huyu ni mkubwa kuliko nilivyomdhania. Akamwambia Sonara neno moja: "Rudisha."

Udongo aliouchimba kwa wiki mbili, punje kwa punje, Sonara aliurudisha kwa saa nne. Aliumimina chini ya kipande cha tano na cha saba, akaushindilia kwa mgongo wa ndoo, akamimina tena, mpaka mlima ukapata kitu cha kuegemea. Hakufanya mzaha hata mmoja. Sote tulifunga maturubai, hata mhandisi, hata mpishi wa kambi.

Walimpangia Bibi chumba kwenye nyumba ya wageni. Alitoka na begi moja zito na mwavuli.

"Sikai kwa watu nisiowajua," akamwambia mhandisi. Kisha, bila kunitazama, "Nitakaa kwake. Ndiye aliyenitoa."

Mvua kubwa ilianza tulipofika mlangoni kwetu.

Jumapili, 16 Machi

Nyumba ya Bibi imesimama. Ukingo umesogea milimita tatu zaidi kati ya jana jioni na leo asubuhi, halafu umetulia. Vioo vitatu vimepasuka na hakuna aliyevibadilisha. Mhandisi aliuangalia ule udongo uliorudishwa, umelowa, umekaa imara, akasema, "Ingekuwa wazi..." akaacha hapo. Akatafuna kalamu mpaka ikakatika.

Jumatatu, 17 Machi

Bibi hasemi nami. Anasema na mume wangu.

"Mwalimu, mwambie mpima chumvi imezidi."

Mwalimu, ambaye amekaa katikati yetu, ananigeukia na kusema kwa sauti ya mkalimani wa serikali, "Chumvi imezidi." Anafurahia mno. Nimemrushia teke chini ya meza, nikampata Bibi. Bibi amemwambia mwalimu amwambie mpima kwamba ana miguu ya ng'ombe.

Jumanne, 18 Machi

Leo baada ya chakula Bibi ameleta begi lake mezani, akalifungua. Nguo kidogo, na bati la biskuti. Ndani ya bati kulikuwa na vifurushi vidogo vya gazeti, kumi na moja, vimefungwa kwa uzi.

"Mwalimu, mwambie mpima vioo vyake hivi hapa. Nyumbani kwa fundi vioo kioo hakitupwi, hata kilichovunjika. Kila kifurushi kimeandikwa."

Kimeandikwa kweli. Namba ya kioo, tarehe, na saa kama alikuwepo. "Namba 4, Ijumaa 21 Februari, baada ya chai ya saa nne." Kwa mwezi mzima mimi nimeandika uongo bila kujua, na yeye, kwa sababu tu ndivyo alivyozoea, ameandika ukweli wote.

Nikaenda kuchukua kumbukumbu za Sonara za kila kipande na siku kilipokatwa. Mwalimu akatoa karatasi ya miraba. Tulikaa watatu kichwa kwa kichwa, Bibi akisoma vifurushi, mimi nikisoma tarehe, mwalimu akiweka nukta. Haikuchukua muda. Kila kioo kilipasuka siku moja au mbili baada ya kukatwa kipande cha tano au cha saba, ngazi hii au ile. Sonara alipokuwa kwenye vipande vingine, hakuna kilichopasuka. Hakuna hata kimoja.

Mwalimu aliutazama mchoro wake kama mtoto mchanga.

Jumatano, 19 Machi

Mhandisi amekuja nyumbani kwetu kuuona mchoro. Akamuuliza Bibi kwa heshima zote kuna nini chini ya ardhi nyuma ya jiko lake.

"Hakuna kitu. Karo la zamani tu. Marehemu alilichimba la kumwagia maji ya kusagia vioo. Tulilifunika kwa vigae miaka mingi iliyopita."

"Na maji ya jikoni yanakwenda wapi siku hizi, bibi?"

Bibi alifikiri. Nikamwona akilifikia jibu. "Aah," akasema. "Humohumo."

Ndiyo sababu. Kwa miaka na miaka maji ya vyombo yamekuwa yakilowesha udongo hapohapo, nyuma ya kipande cha tano, cha sita na cha saba. Mlima mzima ni mkavu na mgumu, ila pale umekuwa uji. Nondo zetu za mita nane zilikuwa zinashika uji. Mhandisi alisimama akamshika Bibi mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwamba bila bati lile tungetafuta mwezi mzima.

"Basi mwambie na mpima," akasema Bibi.

Ijumaa, 28 Machi

Karo limenyonywa, limejazwa zege. Bomba la jikoni limeelekezwa kwenye mfereji wa mtaa. Mvua kila siku. Milimita: sifuri.

Jumatano, 2 Aprili

Tumeanza upya kipande cha tano, na sasa ni mita moja moja badala ya mbili. Nondo ni za mita kumi na mbili, na mabomba ya kutolea maji yamewekwa ndani zaidi. Sonara anauondoa ule udongo aliourudisha. Anasema hajawahi kuchimba udongo mmoja mara mbili, na kwamba sasa wanajuana kwa majina. Mizaha imerudi, nami nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Jumapili, 6 Aprili

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta madirisha yetu yote yameng'olewa na yamelazwa mezani. Bibi, na kalamu yake ya kukatia vioo sikioni, mwalimu akiwa msaidizi wake. Kioo cha chumbani kilikuwa na mstari tangu tulipohamia. Jikoni upepo ulikuwa unapiga filimbi. Kufikia jioni hakuna kinachopiga filimbi. Mwalimu anasema hatuwezi kumrudisha huyu mtu, tumfiche.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefika nyumbani nimelowa mpaka mfupani, tope magotini. Bibi alikuwa mlangoni.

"Vua viatu," akasema.

Kwangu, si kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa bado shuleni. Maneno mawili, baada ya siku ishirini na tano. Nikavua viatu, nikavishika mkononi nikasimama pale nikicheka kama mwehu. Akaniambia pia maji ya moto yako jikoni, na kwamba si lazima nimkodolee macho.

Jumanne, 15 Aprili

Sifuri. Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo tumerushia zege kipande cha mwisho. Ukuta umekamilika, mita tisa juu, wa kijivu, na mabomba yake yanatiririsha maji masafi mstari kwa mstari. Mtu asiyejua ataona ukuta wenye sura mbaya. Mimi nimesimama chini yake nikala mkate wangu wa mchana hapohapo, nimeuegemea.

Ijumaa, 2 Mei

Wiki tano bila hata nusu milimita, na mvua haijapumzika. Mhandisi ametia sahihi barua ya kumruhusu Bibi arudi kwake. Nimeileta mwenyewe, nimeifunga kwenye plastiki isilowe.

Ameisoma mara mbili, akaikunja.

"Asante," akasema, akaendelea kusugua sufuria.

"Bibi, unaweza kurudi hata leo."

"Nimeona. Imeandikwa vizuri."

Hakuondoka.

Jumatatu, 5 Mei

Bado yuko. Nikadhani ameipenda nyumba yetu, na nikajisifu kidogo. Mwalimu, ambaye huona mambo polepole ila huyaona, ameniambia leo kwamba nimekosea. Bibi huwa anaamka alfajiri na kukaa kitandani amevaa kabisa, begi magotini, halafu analirudisha begi uvunguni.

"Anaogopa," akasema mwalimu. "Zamani aliogopa kutoka. Sasa anaogopa kuingia. Vyote viwili umempa wewe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilipotewa na usingizi wa mchana.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwonyesha Bibi vipimo vyote. Nimempeleka chini ya ukuta, akaugonga kwa mpini wa mwavuli. Sonara amemwambia anaweza kuegesha mashine yake uwanjani kwake. Mhandisi amemchorea picha. Amewashukuru wote. Mimi ameniambia, tukiwa tunarudi nyumbani, "Wewe uliniahidi kwa mdomo na nikakuamini. Sasa unaniahidi kwa karatasi. Nitakuaminije safari hii, mpima?"

Nimesema sijui. Ndilo jambo la kweli kabisa nililowahi kumwambia.

Jumamosi, 10 Mei

Mchana mvua ilianza kumwagika kama iliyotumwa. Nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka, nataka sofa. Bibi akatoka chumbani amejifunga kanga mpya, begi mkononi.

"Chukua mwavuli," akaniambia. "Twende kwangu."

"Mvua hii, bibi?"

"Mvua hiihii."

Tulifika tumelowa. Uwanja ulikuwa mto mdogo, lakini nyumba ndani ilikuwa kavu, inanukia vumbi la miezi miwili. Akanipitisha moja kwa moja mpaka chumbani kwake, chumba cha upande wa ukingo. Akatandika shuka safi kutoka kwenye begi. Halafu akavuta kiti, akakaa, akaweka mwavuli magotini.

"Lala," akasema.

"Mimi?"

"Nani mwingine ameahidi?"

Nikalala. Nilipanga kufumba macho nusu saa, kwa heshima, halafu niinuke nimwambie umeona. Mvua ilikuwa inapiga bati juu yangu, na chini yangu kulikuwa na mlima, na ndani ya mlima nondo zangu, za mita nane na za mita kumi na mbili, mia mbili na themanini na nne, kila moja nimeipima mwenyewe. Nikaanza kuzihesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sidhani kama nilifika ishirini.

Nilitikiswa bega. Chumba kilikuwa na mwanga wa alasiri, mvua ingali inanyesha. Shavu langu lilikuwa limelowa mate na sikujua niko wapi.

Bibi alikuwa amesimama juu yangu, viatu ameshavua.

"Umelala saa mbili na nusu nzima," akasema. "Imepiga radi, imenyesha mawe, jogoo wa jirani amepiga kelele, na wewe unakoroma tu. Hata marehemu hakukoroma hivyo."

"Samahani, bibi."

"Samahani ya nini? Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, anaweza kudanganya kwa kalamu. Sijaona wa kudanganya kwa kukoroma." Akaninyang'anya mto, akaugeuza upande mkavu. "Haya, ondoka kitandani pangu. Nami nilale."